Nilipelekwa Israel kwa jina la mafunzo ya kilimo, nikageuzwa kibarua wa kuchuma nyanya

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo kifuani tangu niliporejea nchini Septemba 2023, na leo nimelazimika kuliandika baada ya kuona tangazo la wakala yuleyule likizunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa kilimo, kwa maneno yaleyale na picha zilezile za vijana wanaotabasamu ndani ya vitalu nyumba: mafunzo kwa vitendo Israel, miezi 11, unasoma huku unalipwa. Tangazo hilo nalijua kwa moyo, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliolisoma mwaka 2022 wakaliamini.

Mimi ni mzaliwa wa Ilula, mkoani Iringa, ambako nyanya ndiyo karo, ndiyo mahari na ndiyo gharama ya hospitali. Nina stashahada ya kilimo cha mboga na matunda. Sikuvutwa na fedha peke yake, ingawa sitajidai kwamba sikuzihesabu kabla hazijafika mkononi. Tangu kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie kwenye mashamba yetu nimemwona mama yangu akipuliza dawa karibu kila baada ya siku mbili, na bado siku ya kuvuna anachambua nyanya zilizotobolewa mpaka tenga moja linatoka kwenye mavuno yaliyopaswa kujaza matatu. Niliposikia kwamba katika jangwa la Negev watu wanalima nyanya ndogo kwa maji ya chumvi chumvi yanayochimbwa chini ya ardhi, na kwamba chumvi hiyo hiyo ndiyo inayoziongezea utamu, nilisema huko ndiko kwa kwenda kujifunza. Nikamlipa wakala shilingi 4,800,000, nyingi zikiwa za mkopo uliodhaminiwa na ekari mbili za familia.

Nilifika Oktoba 2022. Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho ratiba yangu ilikuwa moja: kuamka saa kumi alfajiri, kuwa ndani ya kitalu saa kumi na moja na nusu, na kutoka saa kumi alasiri au zaidi, siku tano kwa wiki. Siku ya sita ilikuwa ya darasa. Nyanya za kule hazisimami zenyewe. Kila mche unaning'inia kwenye kamba iliyofungwa kwenye waya wa juu, na kazi ya kibarua ni kung'oa machipukizi ya pembeni, kukata majani ya chini, kuzungushia kilele kwenye kamba, kuilegeza kamba mche unapogusa waya, kisha kuchuma, kisha kurudi mwanzo wa mstari na kuanza tena. Utomvu wa nyanya huganda viganjani ukawa kijani, halafu ukawa mweusi, na sabuni haiuondoi. Unautoa kwa kupondea mikononi nyanya mbichi yenye ukali, ufundi nilioonyeshwa na Mthailandi mmoja aliyekuwa ameishi shambani hapo miaka minne. Nikisema kweli, huyo ndiye mwalimu pekee niliyempata Israel, na hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno ishirini ya Kiebrania.

Ni yeye pia aliyenizuia mlangoni asubuhi moja, akinionyesha kwa vidole saa zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa iliyopulizwa usiku, kwamba muda wa kuruhusiwa kuingia ulikuwa haujafika. Lebo ilikuwa ya Kiebrania, nami nisingeweza kuisoma. Msimamizi alipofika alituambia tuingie, na tukaingia.

Sasa nije kwenye hayo yaliyoitwa mafunzo. Siku ya darasa tuliketi ukumbini, watu wa mataifa mbalimbali tuliochoka, tukionyeshwa picha ukutani kuhusu masoko na mpango wa biashara, mambo ambayo nilikwisha kuyafanyia mtihani chuoni kwetu kwa kiwango cha juu zaidi. Nusu ya darasa lilisinzia, na sikumlaumu aliyesinzia. Shambani, ambako elimu yenyewe ilikuwepo, hakuna aliyekuwa na kazi ya kutufundisha. Niliona kwa macho yangu milango miwili miwili ya kuzuia wadudu, nyavu zenye matundu madogo mno, mitego ya harufu ya kunasa madume wa kantangaze, masanduku ya nyuki wanene wanaochavusha maua, na chumba cha mitambo ya kuchanganya mbolea kwenye maji ya matone. Chumba hicho kilifungwa kwa ufunguo. Mwezi wa tatu nilimwuliza mtaalamu wa shamba ni kwa utaratibu gani wanaweka dozi na wanajuaje kwamba mdudu amezidi kiwango, maana ndilo swali lililonitoa Ilula. Alinitazama kwa mshangao, si kwa dharau, akaniambia kwamba mimi ni wa kuchuma. Hakuwa ameambiwa kuwa alipelekewa wanafunzi. Aliambiwa analetewa nguvu kazi.

Kuhusu malipo, nitatoa hesabu ili mtu asije akasema nalalamika kwa hisia. Kima cha chini cha mshahara nchini Israel wakati ule kilikuwa shekeli 5,300 kwa mwezi wa saa 182, yaani shekeli 29.12 kwa saa, na saa mbili za kwanza za ziada kwa siku hulipwa kwa asilimia 125. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika saa zangu kila jioni. Januari 2023 daftari lilisema saa 214. Hati ya mshahara ilisema 182. Saa 32 zilizopotea, kwa kiwango cha chini kabisa cha muda wa ziada, ni shekeli 1,164.80 za mwezi mmoja tu. Aprili mwaka huo kima cha chini kilipanda hadi shekeli 5,571.75, lakini hati yangu iliendelea kubeba 29.12 kwa saa mpaka Juni. Baada ya hapo yanakuja makato: ada ya mafunzo, bima, nyumba ya kontena tuliyolala watu sita, umeme na gesi. Ndiyo, nililipa ada ya mafunzo kutoka kwenye mshahara wa kibarua, ili niendelee kuwa kibarua.

Na pasipoti? Ilichukuliwa siku ya pili "kwa ajili ya usajili", ikarudi mkononi mwangu siku ya kupanda ndege, ilhali hata kwa sheria za Israel yenyewe kuishikilia pasipoti ya mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai.

Nataka wasomaji waelewe kwamba hila yote imejificha ndani ya neno "mafunzo". Yule Mthailandi alifika kwa makubaliano baina ya serikali yake na ya Israel yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2012. Anatambuliwa kuwa mfanyakazi, mkataba wake unajulikana pande zote mbili, na akionewa anaweza kuomba kuhamia kwa mwajiri mwingine. Mimi niliyefanya naye kazi mstari mmoja, kwa saa zilezile, nilikuwa mwanafunzi. Nilipoomba kubadilishiwa shamba niliambiwa kwamba mwanafunzi hachagui shamba, na kwamba nikigoma nitarudishwa nyumbani kwa gharama yangu. Niliporudi Dar es Salaam na kumfuata wakala, alinijibu kwa upole kwamba kampuni yake si wakala wa ajira bali ni mratibu wa elimu, hivyo kanuni za mawakala wa ajira za mwaka 2014 hazimhusu. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika na masuala ya kazi, nikaelezwa kwamba suala langu ni la elimu. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa miezi 11 ileile, alikuwa mfanyakazi wakati wa kuvuna na mwanafunzi wakati wa kudai. Nani aliyekubali utaratibu huo kwa niaba yetu, na kwa maandishi gani?

Kuna ambao watanijibu kwamba nilirudi na fedha, niache kulia. Nilirudi nazo, nikakomboa shamba, zikabaki za kununua pampu ya maji iliyokwisha kutumika. Wapo pia waliobahatika kupata wakulima waungwana waliowaeleza kila kitu, nami siwapingi. Ila mafunzo yanayotegemea bahati ya kuangukia kwa mtu mwema hayastahili kuuzwa kwa shilingi 4,800,000. Wala siwezi kusahau kwamba mwezi mmoja baada ya mimi kurejea, tarehe 7 Oktoba 2023, vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kwa mafunzo ya kilimo kama mimi waliuawa kusini mwa Israel. Tangazo jipya halina hata mstari mmoja kuhusu usalama.

Ninachotaka ni kwamba wakala huyu aonyeshe hadharani mtaala, majina ya masomo, na mkataba alioingia na mashamba, unaoeleza kama anapeleka wanafunzi au vibarua. Wale wa kundi letu la Oktoba 2022, hati za mshahara na madaftari ya saa msizitupe. Madai ya mshahara nchini Israel yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 7, na shirika la Kav LaOved la Tel Aviv husaidia wafanyakazi wa kigeni. Nimekwisha kupiga picha kurasa zote za daftari langu. Aliye tayari tuunganishe madai aniandikie faraghani, aseme ni mwezi gani saa zake zilikatwa na kwa kiasi gani.