The Matrix Revolutions: muvi ya kufunga utatu inapimwaje?

chipukizi04
Wakuu, salaam. Naandaa uhakiki wa The Matrix Revolutions ya Novemba 2003. Najua kuna ya nne iliyotoka 2021, hiyo naiweka kando. Kila ninakopita watu wanaiponda kwa sentensi moja, "haifikii ya kwanza", basi. Hiyo hainisaidii kuandika. Muvi ya mapigano na sayansi ya kubuni inayofunga mfululizo inapimwaje kwa haki, na hii imeanguka wapi hasa? Wasomaji wangu wameshaona zote tatu, kwa hiyo mwisho wake mwageni tu.

Mkaguzi
Mkuu, acha kuilinganisha na The Matrix ya 1999, ile ya kwanza. Ile ilijitegemea. Revolutions ilipigwa picha pamoja na Reloaded, muvi ya pili, na zikatoka mwaka mmoja, Mei na Novemba, kwa hiyo anayeidai ni Reloaded. Irudie hiyo kwanza, andika kila swali ililoliacha wazi, kisha kwenye ya tatu weka alama: limejibiwa kwa tukio, limejibiwa kwa mdomo, limetelekezwa.

Anza na lile kubwa. Architect, programu iliyoisanifu Matrix (ulimwengu wa kompyuta ambamo mashine zimewafungia binadamu), anamwambia Neo, shujaa wetu, kwamba yeye ni mteule wa sita, Zion, mji wa mwisho wa binadamu huru, imeshateketezwa mara tano, na waliomtangulia wote walikubali kuchagua watu 23 wa kuijenga upya. Neo anagoma na kufuata mlango wa kumwokoa Trinity, mpenzi wake. Sasa mteule akigoma inakuwaje? Jibu lipo, na ni zuri: Smith, programu iliyoasi na adui wa Neo, amejizidisha hadi mashine zenyewe haziwezi kumzuia, na ghafla mashine zina shida na binadamu. Neo haendi kuomba, anakwenda kupatana. Tukio limejibu.

La pili: mwisho wa Reloaded Neo anawaangusha Sentinel, roboti za kuwinda binadamu, kwa kunyoosha mkono tu, tena nje ya Matrix. Kivipi? Oracle, programu mtabiri anayemsaidia Neo, anaeleza kwa maneno machache kwamba nguvu za Neo zinafika hadi kwenye Chanzo, kompyuta kuu ya mashine, halafu tunasonga mbele. Kwa mdomo tu. Hapo wengi walikata tamaa, na siwalaumu, maana sheria ya muvi ya kwanza ilikuwa wazi: ndani unaruka maghorofa, nje unavuja damu kama sisi.

Merovingian, programu bosi wa magendo, na mkewe Persephone? Trinity anamwelekezea Merovingian bastola kichwani kule Club Hel, klabu yake, Neo anaachiwa kutoka kwenye kituo cha treni alikokwama, na hao wawili hatuwaoni tena. Wale mapacha weupe, watumishi wake kwenye Reloaded, hawarudi kabisa. Hapo kata alama.

fundi_wa_skrini
Naongezea vita ya gati la Zion, maana ndiyo inayosemwa vibaya kwa sababu zisizo zake. Mpangilio wake ni safi. Mashine ya kuchimba inatoboa dari, Sentinel wanamiminika. Kapteni Mifune na askari wenzake wako ndani ya zile roboti za kivita za APU, dereva amekaa wazi bila hata bati la kumkinga kifua, na risasi zikiisha lazima mtu akimbie na toroli kubadilisha makasha huku mapigano yanaendelea. Zee na Charra, wanawake wawili wa kujitolea, wanalenga mguu wa mashine kwa roketi. Hammer, meli inayoruka ya binadamu, inakuja na EMP, mpigo unaozima vifaa vyote vya umeme, lakini lango haliwezi kufunguliwa, ndipo kijana Kid anapoingia kwenye APU ya Mifune na kulifungua. EMP inapigwa: Sentinel waliomo gatini chini wote, na kila silaha ya umeme ya Zion nayo chini. Wameshinda na papo hapo wamebaki mikono mitupu, huku nje wengine wanasubiri zamu.

Tatizo ni watu. Kid, Mifune, Zee, Charra: Reloaded haikutupa muda wa kutosha nao, na chimbuko la Kid liko kwenye Animatrix, ule mkusanyiko wa katuni fupi za ulimwengu huu. Wakati huohuo Morpheus, aliyeibeba muvi ya kwanza, amekaa pembeni ya nahodha Niobe akimsaidia kuendesha meli. Fanya hivi: fungua saa, andika kila Neo, Trinity na Morpheus wanapotoka kwenye skrini na wanaporudi. Pengo la katikati litakupa aya nzima ya uhakiki.

Bi Ubeti
Mmemaliza kila kitu mkaruka shimo la mwisho! Smith anayepigana na Neo si nakala yoyote ile, ni yule aliyemmeza Oracle, yaani aliyemgeuza kuwa nakala yake. Sikilizeni pale Neo anapoinuka topeni. Smith anatoa maneno ya Oracle kuhusu mwanzo na mwisho, anamwita "Neo", yeye ambaye muvi zote tatu anamwita Bwana Anderson, jina lake la ndani ya Matrix, kisha anashtukia kinywa chake mwenyewe. Neo anaelewa, anaacha kupigana, anakubali kumezwa. Mwili wake umeunganishwa na mashine, kwa hiyo njia ya kumfuta Smith imefunguka. Wanaosema "alijiua tu bila sababu" hawakusikiliza hapo.

Lawama yangu kwa waongozaji ni kwamba dalili hiyo imefukiwa chini ya mvua, ngurumo na ngumi za angani ndefu kupita kiasi. Wanapogongana mara ya tatu hakuna anayeumia, na pambano lisiloumiza halitishi.

chipukizi04
Nimewaelewa. Mapato niyataje? Na Animatrix ni lazima?

Mkaguzi
Mapato yataje kwa sentensi moja: takriban dola milioni 427 dunia nzima, wakati Reloaded ilivuka milioni 700. Inaonyesha watu walivyopoa ndani ya miezi sita, haionyeshi ubora. Animatrix tazama Final Flight of the Osiris, inayoeleza onyo la jeshi la Sentinel lilivyopatikana, na sehemu mbili za The Second Renaissance. Bila hizo mbili amani ya mwisho inaonekana ya ghafla, maana hujui mashine ziliwahi kuomba amani na zikakataliwa.

fundi_wa_skrini
Na kabla hujakaa kuitazama, zima kwenye TV ile sehemu ya kulainisha mwendo, weka picha kwenye mtindo wa sinema, funga mapazia. Pambano la mwisho ni usiku, mvua na suti nyeusi. Mwanga ukigonga kioo utaona vivuli viwili vinasukumana, halafu utaandika kwamba halieleweki.