Kizazi kinaposhuka uzeeni na hutaki kisu: tupeane uzoefu

Bibi wa Lushoto
Wanawake wenzangu, nina miaka 71 na nimezaa watoto 8. Jana msibani nilimwona mama wa rika langu amekaa upande upande kwenye mkeka, akiinuka kila baada ya muda mfupi kwenda msalani, nikajua papo hapo kinachomsumbua ni kizazi, yaani mfuko wa uzazi, kushuka, kwa sababu mimi nilikaa hivyo kwa miaka 6. Kwangu kilianza kama uzito chini ya kitovu kila jioni. Siku moja, nikipanda mlima na mzigo wa kuni kichwani, nilihisi kitu laini kama yai lililomenywa kimeshuka hadi mlangoni mwa uke. Nilitua mzigo nikakaa chini ya mti mpaka giza likaingia, maana niliogopa kwamba nikisimama kitaanguka. Baada ya hapo nilikuwa nikikunja kipande cha khanga kuukuu mara nne na kupiga winda ili kukizuia, kisha nakifua usiku na kukianika ndani nyuma ya pazia. Hata binti zangu hawakujua. Leo navaa pete ya hospitali, ile inayowekwa ukeni kushikilia kizazi, ni mwaka wa pili, na shamba nalima. Nawaomba mliokaa bila upasuaji mseme mlivyoishi.

Mama Pili, Tanga
Hapo kwenye khanga nyuma ya pazia umenitoa machozi, kwani nilidhani ni mimi peke yangu.

Mkunga Mstaafu
Nimewahudumia wanawake wengi wa namna hii. Misuli inayobeba kizazi na kibofu hulegea kwa uzazi wa mara nyingi, uchungu wa muda mrefu, mizigo, kikohozi kisichopona na choo kigumu, na hedhi ikishakoma ngozi ya ndani nayo hukonda. Kikiwa bado kiko ndani, mazoezi husaidia sana: kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, shikilia ukihesabu hadi 10 huku ukipumua kawaida, legeza kwa muda uleule, urudie mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku. Kaza pia kabla ya kukohoa au kunyanyua ndoo. Usitarajie mabadiliko kabla ya miezi mitatu au minne, na kama kimeshatoka chote nje, mazoezi peke yake hayatakirudisha.

Shangazi wa Morogoro
Mimi sikuvaa pete wala sikufanya mazoezi. Nilikalia maji ya moto yenye mwarobaini, nikaweka shabu kidogo ndani, kikarudi.

Mkunga Mstaafu
Dada yangu, kilirudi kwa sababu ulijilaza. Ukilala, huingia chenyewe. Ukishinda umesimama, jioni hukiona tena. Shabu hukausha na kuchubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na mimi nimesafisha vidonda vyake kwa mikono yangu.

Shangazi wa Morogoro
Bibi yangu alizalisha kijiji kizima kwa dawa hizo, na hakuna aliyelalamika.

Mkunga Mstaafu
Bibi yako namheshimu, lakini wanawake hawa hawalalamiki hata wakioza, na ndilo tunalolizungumza hapa.

Binti wa Tatu
Shikamooni mama zangu. Nimesoma habari ya pete nikaona nisinyamaze. Mama yangu aliwekewa pete akiwa na miaka 74, akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Alirudi mara mbili, kisha kumbukumbu zikaanza kumpotea, nasi watoto hatukujua kabisa kwamba ana kitu ndani. Miaka minne ikapita. Tulianza kusikia harufu chumbani mwake, tukabadilisha godoro, tukamgombeza dada wa kazi bila kosa lolote. Siku niliyomwogesha mwenyewe niliona damu kwenye taulo. Hospitali walikuta pete imezama, nyama imeota juu yake, na ilichukua karibu saa nzima kuitoa huku mama akinishika mkono na kuniita kwa jina la mama yake. Sijui nitamwomba vipi msamaha yule dada wa kazi, na mama sidhani kama atakumbuka nikimwomba.

Mama Pili, Tanga
Yaa Rabi! Mimi pete siitaki tena.

Shangazi wa Morogoro
Mmesikia wenyewe.

Mwuguzi, Leicester
Tusiilaumu pete. Ninafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Uingereza, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2019 unataka mwenye pete aliye na upungufu wa mwili au wa kumbukumbu aonwe kliniki kila baada ya miezi 6, kwa sababu ya mambo kama yaliyompata mama huyu. Mtu mmoja nyumbani lazima ajue kwamba pete ipo na tarehe ya kurudi. Damu yoyote baada ya hedhi kukoma ipelekwe kwa daktari, mwenye pete na asiye na pete.

Bibi wa Lushoto
Yangu ni ya silikoni, laini, hukunjwa ikapakwa mafuta ya hospitali, ikiingia inajifungua. Ya kwanza ilikuwa ndogo ikatoka nilipochuchumaa. Ya pili waliniambia nitembee uani, nikohoe, nichuchumae na nikojoe kabla ya kuondoka, na haikutoka. Nimepewa pia krimu ya homoni ya kupaka ndani.

Mama Pili, Tanga
Na sisi tunaovuja mkojo, sala inakuwaje?

Ukhti wa Pemba
Mwenye udhuru hujisafisha, hujifunga kitambaa safi na kutawadha kila sala wakati wake ukishaingia, kisha husali bila kuchelewa. Muulize sheikh wako kwa uhakika, lakini usiiache sala kwa aibu.

Mzee Mwenye Mke Mgonjwa
Mimi nilimnunulia mke wangu choo cha kukaa ili asichuchumae.

Mama wa Kiambu
Mgonjwa wangu naye aliambiwa kwamba akikaa chooni miguu iwekwe juu ya kigoda ili asisukume kwa nguvu. Sisi tumeshika papai, mboga na maji mengi, na ndoo ya lita 20 haigusi tena.

Binti wa Tatu
Kidonda alichoachiwa mama na ile pete kilipona kwa krimu, akawekewa pete nyingine ndogo zaidi. Tarehe nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, kila mtoto anaiona.

Bibi wa Lushoto
Kesho tunaanua tanga. Nitamwomba yule mama anisindikize hadi njia panda, na huko nitamweleza habari ya khanga yangu.