Kishikio cha ndani cha mlango kimekatika tena: kitengenezwe au kibadilishwe?

Mkaazi wa Likoni
Assalamu alaikum wenzangu. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998 ambayo kishikio cha ndani cha mlango wa dereva kimekatika kwenye shina, pale inapopita pini, na sasa kila ninaposhuka hulazimika kuteremsha kioo na kufungulia nje, jambo ambalo katika mvua za Mei huniacha nimelowa hadi kwapani. Kile cha awali kilikatika mahali hapo hapo, nikanunua cha mtumba, nacho hakikudumu. Isitoshe, pambo la plastiki linalozunguka swichi za vioo limepasuka na supaglu haikushika hata kufikia jioni. Nifanyeje?

Fundi wa Changamwe
Wa alaikum salaam ndugu. Kishikio kikikatika mara mbili mahali pamoja, usikilaumu; lichunguze komeo, yaani ile loki ya mlangoni inayoshika mlango ukifungwa. Grisi ya kiwandani ikishakauka na hewa ya chumvi ya huku kwetu Mombasa ikaleta kutu, komeo huwa zito, na uzito wote huo humalizikia kwenye kishina kile chembamba cha plastiki.

Toa paneli, lile bamba linalofunika mlango kwa ndani, acha mlango wazi, lifunge komeo kwa bisibisi, kisha uvute kwa mkono ule ufito au kebo inayolifungua. Ikikubidi kukaza meno, hata kishikio kipya kitakatika. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, ulichezeshe komeo mpaka uchafu mweusi uishe kutoka, ndipo upake grisi nyeupe ya lithiamu, kwa sababu mafuta yale peke yake hukauka upesi. Usiubamize mlango kabla ya kulifungua komeo tena, la sivyo utalipinda.

Skrubu za paneli aghalabu hujificha nyuma ya kishikio na mahali pa kuegemeza mkono. Klipu za pembeni zing'oe kwa kabari ya plastiki. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma usiichane, kwani ndiyo inayozuia maji yanayopenya kandokando ya kioo yasiingie ndani ya gari. Mafundi wengi huitupa, na mteja hubaki akishangaa zulia linanuka.

Bi Kisauni
Kuhusu pambo, kaka, ligeuze kwanza usome herufi zilizopigwa nyuma yake, zinazotaja aina ya plastiki. Likiwa ABS, kazi ni nyepesi: katakata vipande vya ABS iliyovunjika, uviloweke ndani ya asetoni kwenye chupa ya kioo mpaka viwe kama uji mzito, kisha uupake ufa kwa upande wa nyuma na uache ukauke hadi kesho yake. Tone likidondokea upande wa mbele litaacha baka lisilofutika. Ukinunua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, soma lebo, kwa maana nyingine hazina asetoni kabisa.

Likiwa PP, asetoni haitaliyeyusha na supaglu ya kawaida huteleza tu. Hapo tumia chuma cha kulehemu, uzamishe vipande vya waya mwembamba kukatiza ufa kwa nyuma, na uifanye kazi hiyo uani, si chumbani, kwa ajili ya moshi.

Mkaazi wa Likoni
Ahsanteni sana. Je, kishikio chenyewe hakiwezi kuungwa kwa njia hiyo hiyo?

Fundi wa Changamwe
Kinaungika, lakini sikushauri. Pambo halibebi chochote, ilhali kishikio huvutwa kutwa, na kiungo kiko pale pale panapobeba nguvu. Nenda kwenye maduka ya spea za mtumba Mwembe Tayari na kile kilichovunjika mkononi, maana cha kulia hakiingii kushoto. Kabla ya kulipa, kipeleke penye mwanga uangalie shina: ukiona mstari mweupe karibu na tundu la pini, plastiki imeshaanza kuchoka, kirudishe. Ila komeo lilainishe kwanza.