Magurudumu ya kaboni ya milioni 1.9 kwa mwendesha baiskeli wa wikendi: nichukue au niache?

MwanaTegeta
Wakuu, heshima kwenu.

Naendesha baiskeli ya mbio Jumamosi, Tegeta hadi Bagamoyo na kurudi, pamoja na kundi. Sishindani na mtu, ni mazoezi tu. Kwenda niko nao. Kurudi, upepo wa kusi ukishaamka, kuanzia Kerege naachwa.

Magurudumu yangu ndiyo yale yaliyokuja na baiskeli, kama kilo 2 bila tairi. Nimepata seti ya kaboni ya mkono wa pili, ringi zina kina cha milimita 50, uzito gramu 1,520, bei 1,900,000 baada ya kubembelezana sana. Nimeyajaribu kwenye fremu, yanaingia bila shida. Muuzaji anasema kuna mtu Arusha anayataka, kwa hiyo nahitaji jibu leo leo.

Swali ni moja: kwa mtu wa kilomita 27 kwa saa, faida ipo? Wa kejeli piteni kushoto.

Goroli Sita
Ipo, ila ndogo kuliko unavyoambiwa na muuzaji.

Nguvu ya kupasua upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Tuseme ringi hizo zinakuokolea wati 10 ukiwa kilomita 45 kwa saa, mwendo ambao watengenezaji wanapenda sana kupimia. Kwa kilomita 27 zinabaki wati 2 na ushee. Kusi ikikupiga usoni zinaweza kufika 4, maana hapo kinachohesabiwa ni mwendo wa hewa inayokukuta, si wa baiskeli peke yake.

Uzito: unapunguza gramu 480 kati ya kilo 95 hivi za wewe na baiskeli. Ni nusu ya asilimia moja, tena unaihisi mlimani, na barabara ya Bagamoyo mlima wake unaujua. Hiyo hoja kwamba uzito unaozunguka unahesabiwa mara mbili ni ya pale unapoongeza mwendo tu. Ukishaushika mwendo, haina kazi.

Sasa tazama tairi. Tairi ya bei rahisi yenye waya ukingoni ina mgawo wa msuguano karibu na 0.007, tairi nzuri ya mbio iko kwenye 0.004. Kwa kilo 95 na kilomita 27 kwa saa, tofauti hiyo ni wati 20 hivi. Tairi mbili nzuri pamoja na tyubu zake hazifiki robo ya bei ya hayo magurudumu.

Kwa hiyo tuambie: tairi gani umevaa, upana gani, unajaza upepo kiasi gani, una kilo ngapi, na breki zako ni za raba zinazobana ringi au za diski?

Shangazi wa Mapinga
Mwanangu, unaachwa kwa sababu unakaa vibaya kwenye kundi, si kwa sababu ya ringi. Ukikaa nyuma ya mwenzio, nafasi isiyozidi nusu mita, unapunguza robo au hata theluthi ya kazi. Hakuna gurudumu la kukupa hiyo.

Halafu angalia upepo unatoka wapi. Kurudi Dar bahari iko kushoto, na kusi inakuja mbele ikiegemea kushoto kidogo. Kivuli cha upepo kinakuwa nyuma kulia kwa mwenzio, na kulia ndiko kwenye malori. Msipange mshazari pale. Kaeni mstari mmoja, kila mtu avute mbele sekunde 30 hadi 40, kisha arudi nyuma kabla hajachoka. Wengi wenu mnavuta dakika tatu kwa sifa, mkirudi nyuma mmekwisha.

Na milioni 1.9 ni ada ya mtoto. Nimemaliza.

MwanaTegeta
Shangazi, ada nimeshalipa.

Goroli Sita asante kwa hesabu. Kilo zangu ni 88. Tairi ni za 25 zilizokuja na baiskeli, najaza psi 110. Breki ziko sawa, zinashika vizuri. Ila naona mnakwepa swali. Wote wanaonipita wana ringi nene za kaboni. Hiyo nayo ni bahati mbaya?

Mchuzi wa Pweza
Wewe unataka baiskeli inayokwenda bila kukanyagwa. Hicho chombo kipo, kinaitwa pikipiki, na kwa pesa hiyo unapata ya mkono wa pili pamoja na kofia ngumu.

Kaza Spoki
Tuweke utani pembeni kidogo, kuna mambo ya kukagua kabla ya hela kutoka. Kaboni ya mkono wa pili haioneshi ugonjwa kwa mbali.

Futa ringi kwa kitambaa chenye maji, kisha pitisha tochi ya simu karibu kabisa na kila tundu la spoki. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele. Gonga ringi kwa sarafu ukiizunguka yote. Sauti ikibadilika ghafla na kuwa butu, tabaka za kaboni zimeachana. Shika ringi uitikise kushoto na kulia: ikicheza, beringi zimekwisha au habu, yaani kitovu cha gurudumu, imelegea. Izungushe ukitazama ukingo. Kuyumba kwa milimita moja kunanyoosheka. Kuruka juu na chini mahali pamoja ni dalili ya kugonga shimo, achana nayo.

Wa pwani waangalie nati za spoki. Kama ni za alumini na zimekaa kwenye chumvi hii ya bahari, nyingi zitakuwa zimeshikana na spoki. Ukitaka kukaza, nati inavunjika kichwa. Za shaba ni nzito kidogo zaidi lakini zinazunguka hata baada ya miaka.

Halafu soma maandishi karibu na tundu la valvu. Ukikuta kikomo ni baa 5, hiyo ni psi 72, na mara nyingi maana yake ni kwamba ringi haina ndoano ya kushika tairi ukingoni. Inataka tairi za tyublesi peke yake, na pana. Ukivalisha tairi zako za 25 na psi 110, siku moja itafyatuka. Thomas De Gendt, mwendesha baiskeli wa kulipwa, alipoanguka kwenye mashindano ya UAE Tour, Februari 2024, alikuwa kwenye ringi za aina hiyo, tairi ikachomoka, na UCI, chama cha baiskeli duniani, ikasema italichunguza suala hilo.

Swali la breki hujalijibu. "Ziko sawa" si aina ya breki. Na ekseli ya habu za hayo magurudumu ina unene gani?

MwanaTegeta
Mkuu maandishi yapo, ni baa 5 kweli. Tairi nitanunua nyingine, si tatizo.

Breki zangu ni za raba. Hayo magurudumu ni ya diski, ekseli milimita 12. Najua mtakachosema, ila nimeshaongea na fundi wa kuchomea, anasema anaweka kipande cha kushikia breki kwenye fremu, nusu siku kazi imekwisha. Mbele nanunua uma wa diski. Watu wanabadilisha magari kutoka petroli kwenda gesi, nyie mnashangaa breki?

Na advansi ya 600,000 nimeshatoa.

Kaza Spoki
Hilo ndilo lilitakiwa kuwa kwenye sentensi yako ya kwanza.

Nyuma ya fremu ya breki za raba, uwazi wa kuweka habu ni milimita 130. Habu ya diski yenye ekseli ya 12 ni milimita 142. Ziko habu za 142 zinazobadilishwa vifuniko vya pembeni zikawa 135. Kufika 130 haziwezi, mwili wa habu wenyewe na sehemu ya kufungia diski vinakataa. Fremu ya alumini nayo haipanuliwi: inapasuka, leo au baadaye.

Kuchomea: kama fremu ni alumini ya 6061, joto la kuchomea linalegeza chuma chote kinachozunguka mshono. Kiwandani, baada ya kuchomea, fremu nzima inaingia tanuru la nyuzi 530 hivi, inapozwa ghafla, kisha inawekwa tena kwenye joto la nyuzi 160 na kitu kwa saa nyingi ndipo ugumu urudi. Fundi wa nusu siku hana tanuru hilo. Na bomba la kushoto nyuma kwenye fremu yako ni jembamba, halikuundwa kubeba nguvu ya diski. Kila ukifunga breki, mshono unavutwa. Utakatika siku umefunga breki kwa nguvu, yaani siku unayoihitaji.

Usifikirie pia kubana raba kwenye ringi za diski. Ubavu wake hauna eneo la breki. Utakula rangi, kisha gundi, kisha kaboni yenyewe.

Upepo Mtupu
Wakuu, mbona mnahangaika? Hii ni chai.

Rudini kwenye bandiko la kwanza: "Nimeyajaribu kwenye fremu, yanaingia bila shida." Habu ya 142 inaingia kwenye 130 bila shida kwa dawa gani? Mtu aliyeshika hilo gurudumu mkononi angejua. Na "mtu wa Arusha anayataka" ni lugha ya dalali. Huyu ndiye muuzaji. Anatupa vipimo vyote, kina, gramu, bei, anasubiri mtu aje amuulize yako wapi.

Mchuzi wa Pweza
Chai ya maziwa na chapati mbili.

Shangazi wa Mapinga
Kama ni dalali, dalali gani anatangaza mali yake kwa kusema inahitaji kuchomewa fremu?

Goroli Sita
Upepo Mtupu uko sahihi kuhusu la nyuma. La mbele ni jambo jingine. Habu za mbele za barabarani, za raba na za diski, zote ni milimita 100. Zikipatikana bushi za kupunguza ekseli ya 12 iwe ya kufunga kwa kishikio, gurudumu la mbele linakaa kwenye uma wa zamani. Halitakuwa na breki, lakini litaingia. MwanaTegeta, ulijaribu lipi?

MwanaTegeta
La mbele. Muuzaji alikuwa na hizo bushi. Nilisema yanaingia, na liliingia. Wapi nimedanganya? La nyuma alisema ni hivyo hivyo tu.

Na mimi si dalali. Ningekuwa dalali ningeomba ushauri wa nini. Niambieni la kufanya na hiyo laki sita.

Goroli Sita
Mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba la nyuma ni 142, fremu yako ni 130, na yeye alikuhakikishia linaingia. Omba advansi irudi, au akubadilishie na kitu cha breki za raba. Usikubali "kuongeza kidogo".

Kisha pima nafasi kati ya tairi na daraja la breki, na kati ya tairi na mabomba. Tairi ya 28 ikiacha angalau milimita 4 kila upande, weka 28: psi 75 mbele, 80 nyuma kwa uzito wako. Isipotosha baki na 25 lakini nzuri, 90 mbele na 95 nyuma. 110 kwenye ile lami ya viraka ni kujirusha tu. Tyubu za TPU, zile za plastiki laini, ni nyepesi sana, ila soma pakiti kwanza. Baadhi haziruhusiwi na breki za raba kwa sababu ringi inapata joto.

Kaza Spoki
Weka rula ubavuni mwa ringi zako za sasa, pale raba zinapobana. Ukiona mwanga katikati, ubavu umelika na hapo una sababu halali ya kununua magurudumu. Kwa kilo 88: ringi za alumini, spoki 28 mbele na 32 nyuma, zipishane mara tatu, nati za shaba. Nyuma upande wa kaseti zikazwe kama kilo 110 hadi 120. Za kushoto zitakaa karibu nusu ya hapo, ndivyo gurudumu la nyuma lilivyo. Zikiwa legevu kuliko hapo, zinakatika shingoni, kwa sababu kila mzunguko spoki inalegea na kuvutika upya. Baada ya kukaza, fundi abane spoki mbili mbili kwa mkono gurudumu zima, kisha anyooshe tena. Asiyefanya hivyo, ringi itarudi ikiyumba.

Kaseti yako ni ya gia 10 na habu mpya ni ya 11? Weka washa ya milimita 1.85 nyuma ya kaseti. Usipoiweka itacheza hata ukaze vipi.

Upepo Mtupu
Sawa, nimeelewa. Hivi hilo la nyuma, kweli ni 142 kwa 12? Fremu yangu ni ya diski. Anayatoa kwa ngapi bila advansi yako?

MwanaTegeta
Njoo pembeni tuongee.

Mchuzi wa Pweza
Sasa dalali ni nani hapa?