Mjadala: Mchezaji wa akiba afanane na anayempokea, au awe kinyume chake?

Mleta mada, Kampala

Wapenzi wa kikapu, salaam. Ubishi ulioanza pale YMCA Wandegeya baada ya mechi za wikiendi haujaisha, kwa hiyo nauleta hapa. Pointi gadi wa kwanza wa timu yetu, yaani anayeleta mpira na kupanga mashambulizi, ni mwepesi, ana mbio na anatupa kutoka mbali. Msimu huu kocha amemweka nyuma yake kijana mrefu, mzito kidogo, asiyetupa pointi tatu, yaani mitupo ya kutoka mbali, ila anajua kumgeuzia beki mgongo na kumsukuma mpaka karibu na kikapu. Mashabiki wengi wanalalamika kwamba akiingia huyu, timu inabadilika sura. Mimi nasema ndivyo inavyotakiwa.

Tazameni Golden State Warriors walioshinda ubingwa wa NBA, ligi kuu ya Marekani, 2015, 2017 na 2018. Aliyekuwa akimpokea Stephen Curry, gadi wao hodari wa kutupa kutoka mbali, ni Shaun Livingston, mwenye urefu wa mita mbili hivi, mtu ambaye karibu hakutupa pointi tatu kabisa. Alifunga kutoka umbali wa kati, juu ya vichwa vya magadi wafupi. Beki aliyetoka jasho kumfuata Curry nyuma ya kila skrini, yaani mwenzake aliyesimama kumzibia beki njia, alijikuta ghafla anasukumwa chini ya kikapu. Klabu ile haikuhangaika kutafuta Curry wa pili, maana hayupo. Ukimtafuta mtu wa kumwiga nyota utapata aliye hafifu kuliko yeye, na mpinzani ameshafanya mazoezi wiki nzima ya kumkaba nyota mwenyewe. Atashindwaje kumkaba anayemwiga?

Huku kwetu jambo hili ni zito zaidi. Tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani: dakika 40, na faulo tano unatoka nje, wakati NBA wana dakika 48 na faulo sita. Gadi akipata faulo mbili katika robo ya kwanza, kocha anamkalisha, atake asitake. Akiba wa nafasi hiyo atacheza hata kama hukumpangia.

Kocha wa shule, Jinja

Ndugu yangu, umesahau mazoezi. Wachezaji wa NBA wanalipwa ili wakae mazoezini mchana kutwa. Wachezaji wetu wengi ni wanafunzi au wafanyakazi. Wanafika jioni wamechoka, wengine wamekwama kwenye foleni, na umeme ukikatika tunarudi nyumbani. Kufundisha mfumo mmoja ukaeleweka ni kazi. Wewe unataka miwili. Mimi natafuta akiba anayeweza kuingia bila wenzake wanne kuulizana lolote: ishara ni zile zile, skrini inawekwa pale pale, pasi inatoka kwa wakati ule ule. Awe dhaifu kidogo, sawa, lakini asinivurugie wengine.

Na mfano ninao. Denver Nuggets kila kitu kinapitia kwa senta wao, yaani mrefu wa karibu na kikapu, Nikola Jokic. Enzi za DeAndre Jordan, walipompumzisha Jokic na kumwingiza huyo, ambaye kazi yake ilikuwa rebaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na kudumbukiza mpira akipewa karibu, wale wanne waliozoea kukata kuelekea kikapuni wakingoja pasi hawakuwa na wa kuwapa. Nilitazama dakika hizo mara nyingi na ziliniumiza.

Shabiki, Mbale

Mwalimu, Denver hao hao walichukua ubingwa 2023. Jokic alipokaa kwenye mechi za mtoano walimsogeza Aaron Gordon kwenye nafasi ya senta, wakati mwingine Jeff Green, wote si masenta wa asili. Waliamua kucheza mchezo mwingine, wepesi zaidi. Huo ni ushahidi wa upande wetu.

Silverbacks, timu yetu ya taifa ya Uganda, nao ni vile vile. Kigali 2021 tuliifunga Nigeria tukaingia robo fainali ya AfroBasket kwa mara ya kwanza. Ishmail Wainright alikuwa nguzo, na mwaka huo huo akasajiliwa Phoenix Suns ya NBA. Ungemtoa wapi Mganda mwingine wa kufanana naye?

Mchezaji wa zamani, Gulu

Kaka zangu, nimecheza miaka mingi nikitokea benchi, na wote mnamtazama anayetoka. Watazameni wanaobaki. Akiba haingii na timu nzima ya akiba. Anaingia na watatu au wanne wa kikosi cha kwanza, na hao ndio anaopaswa kulingana nao. Manu Ginobili wa San Antonio Spurs alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba NBA mwaka 2008, na dakika za mwisho za mechi alikuwa uwanjani pamoja na Tim Duncan na Tony Parker. Mwaka 2014 San Antonio walipotwaa ubingwa, hakuna mchezaji wao aliyekuwa na wastani wa dakika 30 msimu ule. Walichanganyika mfululizo.

Huyo kijana mrefu anafanya kazi karibu na kikapu. Senta wenu naye je? Kama naye anakaa pale pale, watabanana na mabeki watawakaba wawili kwa mtu mmoja. Aingie wakati senta anayeweza kutupa kutoka mbali yuko uwanjani.

Mleta mada, Kampala

Dada, hilo nalibeba nilivyolipokea. Senta wetu wa pili anatupa vizuri, wacheze pamoja. Ila kwenye ulinzi sitaki tofauti hata kidogo. Gadi wa kwanza akimkaba mpinzani mwili kwa mwili tangu nusu ya uwanja, anayempokea afanye hivyo hivyo, la sivyo wote nyuma yake wanapoteza hesabu za nani amfuate nani. Na kijana huyu miguu ni mizito. Hapo ndipo ninapomhofia, wala si kwenye kufunga. Akikutana na magadi wa klabu ya City Oilers atahitaji kusaidiwa, kwa hiyo akabe pembeni, na winga wetu mwepesi achukue gadi wao.

Kocha wa shule, Jinja

Basi tayari umemhamisha na winga, yaani wawili wamebadilishiwa kazi kwa ajili ya mmoja. Nitajieni mashambulizi mawili tu ambayo magadi wote wawili wanaweza kuyaongoza bila kubadilisha kitu, nami nitawaunga mkono. Kabla ya hapo, nikipewa timu hiyo kesho, namwingiza yule mfupi aliye mwisho wa benchi.