Spageti nyeusi ya Wakorea (Chapagetti), nyie munaipika namna gani nyumbani?

Furaha_Bkv
Salamu kwenu wote wa Bukavu. Dada yangu mwenye kufanya biashara Kigali aliniletea Chapagetti, ile spageti nyeusi ya Wakorea, kweli mi naipenda, watoto ndo usiseme, wanalamba sahani. Sasa huku tumezoea Indomie, unatia maji unatia sose unakunywa na supu yake, ila hii hailiwi na supu na ndani iko na vipaketi vitatu, maandishi yote Kikorea. Maji munamwaga yote ao munaacha? Munaongezaka nini ya sokoni? Na mama mkwe anauliza ule weusi unatoka wapi, anaogopa ni wino.

Jiko_la_Panzi
Dada usimwage yote!! Kila kitu kiko kwa maji. Chemsha kama ml 600, tia tambi pamoja na mboga kavu, dakika 5, halafu mwaga mpaka yabakie kama vijiko 8. Ndo sasa unatia unga mweusi, unarudisha kwa moto unakoroga mpaka sose ikamate kila uzi, mafuta yanakuja mwisho. Kama ni mbabula punguza makala kwanza maana hiyo sose inashika chini haraka sana. Na pembeni kaanga kitunguu, kingi, usikionee huruma, na shu (kabichi) kidogo, uchanganye mwishoni. Kule Korea ya mkahawani inajaa kitunguu na nyama ya nguruwe, mboga ya paketi ni kidogo mno.

mwalimu_ibanda
Mwambie mama atulie, ni soja. Wanaichachusha na unga wa ngano na chumvi, wanatia karameli, ndo inaleta weusi. Soja hii hii tunasagia uji wa watoto! Chakula chenyewe kilianza kwa Wachina wa Shandong waliokuja Incheon baada ya bandari kufunguliwa 1883, Wakorea wakakipenda wakakifanya chao kabisa, mpaka jengo la mkahawa wa Gonghwachun pale Incheon leo ni makumbusho ya hiyo spageti. Chapagetti ya paketi ilitoka 1984.

mtoto_wa_ziwa
Mi naweka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Kavu, unakaanga mpaka zilie mdomoni, unamwaga juu wakati wa kula, usichanganye ndani zitalegea

Jiko_la_Panzi
Sambaza hapana jamani, harufu yake inafunika soja yote. Weka yai la kukaanga, kiini kibaki laini, na konkombre (tango) iliyokatwa nyembamba, Wakorea wenyewe wanafanyaka hivyo. Wanakula pia na figili ya njano ya siki, hapa konkombre ukiilaza ndani ya siki na sukari nusu saa inafaa sana.

mtoto_wa_ziwa
Kwa yai nakubali. Kwa sambaza sitoke, chumvi yake na utamu wa ile sose vinaitikiana, jaribu kwanza ndo useme

Furaha_Bkv
Asanteni sana, leo jioni na kitunguu kingi. Moja tena, jirani zetu ni Waislamu na watoto wanakulaka pamoja, ndani ya unga kuna nguruwe?

mwalimu_ibanda
Usiwape kabla ya kusoma. Paketi zinatofautiana kufuatana na nchi zilikotengenezewa, kuna zenye nyama ndani ya unga. Tafuta alama ya halali, na kama haiko, fungua Google Translate uelekeze kamera nyuma ya paketi, inasoma Kikorea.