Jamaa ya Kibokoni, Mombasa: maski za hospitali

*Jumamosi, 14 Machi 2020*

Ami Said: Assalaam alaykum jamaa. Nimetoka mjini saa hii. Tangu jana waziri wa afya alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya, maduka ya dawa yamejaa mpaka nje. Kichupa cha sanitaiza nilichokuwa nikinunua mia, leo wataka 350. Na ni mzigo ule ule wa wiki iliyopita, nimeuona kwa macho yangu!

Zainab (Nairobi): Waalaykum salaam Ami, shikamoo. Huku supamaketi rafu ziko tupu, watu wabeba kwa katoni. Kuna mtu ana maski za hospitali, boksi la 50 kwa 2,500. Naomba tuchange tuchukue maboksi sita kabla hayajapanda tena.

Salim: Nachanga. Nitume kwa namba ipi?

Halati Maryam: Ngojeni kwanza wanangu. Nimetoka zamu ya usiku. Wodini tumebakia na boksi moja, tumeambiwa kila nesi maski moja mpaka atoke. Hayo maboksi ya huyo mtu ndiyo sisi twayangojea.

Halati Maryam: Tarehe 3 mwezi huu Shirika la Afya Duniani limesema bei ya maski hizi imepanda mara sita tangu ugonjwa uanze, na zahitajika milioni 89 kila mwezi. Nyingi zatengenezwa China, na ugonjwa ulianzia huko huko. Zikifungiwa makabatini, tutamuinamia mgonjwa anayekohoa na nyuso tupu.

Zainab (Nairobi): Halati, sikutaka kuuza wallahi. Namuogopea Nyanya na pumu yake.

Halati Maryam: Najua mwanangu. Lakini Nyanya hatoki. Atakayempelekea ugonjwa ni sisi tunaoingia, kwa hivyo tupunguze kwenda na tunawe kabla ya kumshika. Sabuni yayeyusha utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Mche wa kufulia watosha, usugue sekunde 20, na vidole gumba pia, watu huvisahau. Sanitaiza ni ya pasipo maji, na isipofika alkoholi asilimia 60 msiinunue.

Fatma: Niko kwa Nyanya. Auliza, yeye atia udhu mara tano, hautoshi?

Halati Maryam: Mwambie maji matupu hayatoshi. Anawe kwa sabuni kwanza, kisha atie udhu wake.

Ami Said: Sabuni bei yake ni ile ile. Shida ni maji. Mifereji imekauka tangu Jumatano, mtungi wa lita 20 wa mkokoteni umetoka 20 hadi 40. Basi huo mchango wa maski tununulie maji. Tuweke pipa lenye bomba mlangoni kwa Nyanya, kila aingiaye anawe, na majirani wa kichochoro wanawe pia. Jirani akiugua sisi tutapona wapi?

Zainab (Nairobi): Natuma 2,000 sasa hivi.

Salim: Pipa nalitafuta mimi. Leo.

*Jumanne, 14 Aprili 2020*

Salim: Matatu hazipakii mtu bila maski. Faini 20,000 au jela miezi sita. Na dukani moja ni 100, ya kuvaa siku moja! Mwenye kibarua cha 400 ataweza?

Halati Maryam: Hawezi, na halazimiki. Za kitambaa zakubalika. Kitui kiwanda cha kaunti chashona maski kila siku. Fatma, cherehani yaenda?

Fatma: Yaenda Halati. Pamba nnayo, nashona tabaka mbili. Ila lastiki imekwisha Biashara Street yote, nakata kamba za kitambaa.

Halati Maryam: Vizuri. Ukishika kitambaa juani na mwanga wapita sana, hicho kiache. Kila mtu apate mbili, moja ikifuliwa avae nyingine.

Ami Said: Za vijana wa mkokoteni nalipa mimi, maski 12.

Fatma: Kesho alasiri ziko tayari in shaa Allah. Za Nyanya nazifunga kamba nyuma ya kichwa, za masikio zamsukuma miwani.